Usalama wa nani? Vita vya mashariki mwa Kongo katika macho ya wasomi

Juni 27, 2025, mawaziri wa mambo ya nje wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Rwanda walitia saini mkataba wa amani mjini Washington. Wiki tatu baadaye, Julai 19, wajumbe wa serikali ya Kinshasa na wale wa muungano wa AFC/M23 walitia saini azimio la kanuni mjini Doha, Qatar. Kabla ya hapo yalikuwepo mazungumzo ya Nairobi, chini ya rais mstaafu wa Kenya Uhuru Kenyatta, na ya Luanda, chini ya Rais João Lourenço wa Angola. Februari 8 mwaka huo huo, siku chache baada ya Goma kutekwa, viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na wa SADC walikutana Dar es Salaam na kuamua njia hizo mbili ziunganishwe.

Msikilizaji wa taarifa ya habari ya jioni ana haki ya kuchoshwa na orodha hiyo, na kudhani kuwa wapatanishi wanagombea heshima. Ugombezi huo upo, lakini hauelezi jambo lote. Kila meza imejengwa juu ya jibu tofauti la swali moja: hivi ni vita vya nani na nani? Washington inajibu kuwa ni vita vya dola mbili. Doha inajibu kuwa ni vita vya serikali na waasi wake. Nairobi, palipoalikwa makundi kwa makumi, ilijibu kuwa ni vita vya Wakongomani wenyewe kwa wenyewe, kila bonde na kisa chake. Majibu hayo hayakubuniwa na wanadiplomasia. Kwa takriban miaka thelathini yamekuwa yakiandikwa, kutetewa na kupingwa na wasomi wa masuala ya usalama katika kanda ya Maziwa Makuu, ambao mpaka leo hawajakubaliana. Na kwa kuwa kila jibu huja na dawa yake, kutokubaliana kwao kuna gharama, na anayeilipa mara nyingi hajawahi kusoma hata ukurasa mmoja wa walichoandika.

Hatari haisafiri mbali

Elimu ya usalama, kama inavyofundishwa vyuoni, ilianza kwa kuitazama dola: mipaka yake, majeshi yake, na maadui walio nje yake. Mwaka 1983 msomi wa Uingereza Barry Buzan alitoa kitabu kilichosema kwamba mtazamo huo ni finyu. Usalama wa nchi moja, alidai, hauwezi kueleweka ukitengwa na ule wa majirani zake, kwa sababu nchi zinazoogopana au kutegemeana kwa ukaribu huwa zimefungwa katika furushi moja. Miaka ishirini baadaye, yeye na Ole Wæver wa Denmark waliigawa dunia nzima katika mafurushi ya namna hiyo. Msingi wa hoja yao ni jambo ambalo mkazi yeyote wa mpakani analijua bila kufundishwa: hatari husafiri kwa urahisi zaidi katika umbali mfupi.

Maziwa Makuu ni ushahidi usiohitaji kutafutwa. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda mwaka 1994, zaidi ya watu milioni moja walivuka kuingia nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire. Miongoni mwao walikuwemo askari na wanamgambo waliotenda mauaji hayo, wengi wakiwa bado na silaha, na kambi zao ziliwekwa karibu mno na mpaka. Mwaka 1996 uasi ulioungwa mkono na Rwanda na Uganda ukaanza. Mei 1997 Mobutu Sese Seko akaanguka. Agosti 1998 vita vya pili vilizuka, safari hii Rwanda, Uganda na Burundi zikiwa upande mmoja, huku Angola, Zimbabwe na Namibia zikiingia kuisaidia Kinshasa. Mwanahistoria Mfaransa Gérard Prunier aliviita vita vya dunia vya Afrika, na jina hilo likashika.

Kutokana na fikra hiyo ya kanda zilizaliwa taasisi ambazo majina yake husikika redioni kila wiki. Mkutano wa Kimataifa wa Kanda ya Maziwa Makuu, ICGLR, wenye sekretarieti yake Bujumbura, ulipata mkataba wake jijini Nairobi Desemba 2006. Februari 2013, baada ya M23 kuiteka Goma kwa mara ya kwanza, nchi 11 zilitia saini mjini Addis Ababa mpango wa amani, usalama na ushirikiano. Yote hayo yalitokana na wazo kwamba Kongo haiwezi kutulia peke yake.

Wazo hilo ni sahihi, ila lina upofu wake. Wanaoketi mezani ni dola tu. Masisi haina kiti Addis Ababa, wala Shabunda haina bendera.

Shamba la Masisi

Mwaka 2010 Séverine Autesserre, msomi mzaliwa wa Ufaransa anayefundisha New York, alichapisha kitabu kilichowakera wanadiplomasia wengi. Aliuliza kwa nini operesheni kubwa na ya gharama kubwa ya Umoja wa Mataifa ilishindwa kuleta amani hata baada ya uchaguzi wa 2006. Jibu lake halikuwa kwamba fedha hazikutosha. Alisema walinda amani na mabalozi walikuwa wamejifunza kuitazama vita kutoka juu, kwenye ikulu na kwenye mikutano ya kilele. Ugomvi wa ardhi, wa uchifu na wa nani ni mwenyeji waliuona kama jambo dogo, la kuachiwa mashirika ya misaada, ilhali ndio uliokuwa ukiwasha moto upya kila ulipozimwa.

Historia ya Masisi inampa nguvu. Kuanzia mwaka 1937 utawala wa kikoloni wa Ubelgiji uliwahamisha maelfu ya watu kutoka Rwanda ili wafanye kazi katika mashamba ya walowezi huko Kivu. Mwaka 1972 amri ya Mobutu iliwapa uraia wale waliotoka Ruanda-Urundi na kuishi nchini tangu kabla ya 1950. Mwaka 1981 sheria nyingine ikawapokonya. Katikati ya miaka hiyo, sheria ya ardhi ya 1973 ilitangaza ardhi yote kuwa mali ya dola, na wenye watu wao serikalini wakajipatia hati za mashamba makubwa ambayo majirani waliyajua kuwa ya koo zao. Aliyekuwa na hati hakutambuliwa na mwami, na aliyetambuliwa na mwami hakuwa na hati. Machi 1993, mwaka mmoja kabla ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, damu ilikuwa imekwisha kumwagika Walikale na Masisi. Hivyo basi anayeanza kuhesabu vita vya Kongo kutoka 1994 ameanza katikati ya hadithi.

Wakosoaji wa Autesserre nao wana hoja nzito. Ugomvi wa ardhi upo katika wilaya nyingi za Afrika Mashariki, na mara nyingi huishia mahakamani au kwa wazee, bila makombora. Kinachougeuza kuwa vita ni mtu mwenye uwezo wa kuleta bunduki. Kundi la wataalamu wa Umoja wa Mataifa limeripoti mwaka 2012, na mara kadhaa tangu 2022, kwamba Rwanda inaiunga mkono M23 kwa askari na vifaa. Rwanda inakanusha, na inasema tishio kwake ni FDLR, kundi lenye mizizi katika vikosi vilivyotenda mauaji ya 1994. Wataalamu hao hao wameripoti kwamba jeshi la Kongo limeshirikiana na FDLR. Hayo hayaonekani kwa anayetazama shamba peke yake.

Jason Stearns, mtafiti wa Marekani aliyewahi kuliongoza kundi hilo la wataalamu, alitoa mwaka 2022 kitabu kinachochukua njia ya tatu. Kwa maoni yake, vita vimekuwa mfumo unaojiendesha. Makamanda, wanasiasa wa Kinshasa na majirani wamepata maisha ndani yake: vyeo, posho za operesheni, nafasi za kujadiliana. Makundi yakahesabiwa mashariki mwa Kongo kuwa zaidi ya 100, na kila mpango wa kuyaingiza jeshini ukawafundisha vijana wengine kwamba njia ya kupata cheo ni kuanza na msitu. Ni hoja inayouma, kwa sababu haimwachi mtu yeyote mezani akiwa mpatanishi tu.

Sheria ya Obama

Mahali ambapo nadharia ilionekana wazi ikishuka kutoka kitabuni hadi kwenye sufuria ya mtu ni katika madini.

Kwa miaka mingi maelezo yaliyopendwa zaidi huko Ulaya na Marekani yalikuwa kwamba Wakongomani wanauana kwa ajili ya koltani. Yalikuwa maelezo mepesi: yalimuunganisha mnunuzi wa simu ya mkononi na mateso ya mbali, na yalimpa jambo la kufanya. Mwaka 2012 Autesserre huyo huyo aliandika kwamba simulizi tatu zilikuwa zimeteka fikra za wafadhili. Ya kwanza ilihusu chanzo, yaani madini. Ya pili ilihusu madhara, yaani ubakaji. Ya tatu ilihusu tiba, yaani kuirudisha dola kila mahali. Hakuna iliyokuwa ya uongo. Tatizo lilikuwa kwamba zilifunika mengine yote.

Julai 2010 Rais Barack Obama alikuwa ametia saini sheria kubwa ya fedha, ambayo ndani yake kilikuwemo kifungu cha 1502. Kifungu hicho kilizitaka kampuni zilizo kwenye masoko ya hisa ya Marekani zieleze iwapo bati, tantalamu, tungsteni au dhahabu wanayotumia inatoka Kongo au nchi jirani, na iwapo iliwanufaisha wenye silaha. Sheria haikukataza kununua. Lakini wanunuzi wakubwa waliona ni rahisi zaidi kuondoka kuliko kuchunguza. Septemba mwaka huo Rais Joseph Kabila naye alisimamisha uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, marufuku iliyodumu hadi Machi 2011.

Mashariki mwa Kongo watu waliipa kanuni hiyo ya mbali jina la karibu: sheria ya Obama. Kwa mchimbaji mdogo, kwa mama aliyekuwa akiuza unga kwenye machimbo, kwa mwendesha pikipiki aliyekuwa akipakia magunia, maana yake ilikuwa kwamba fedha zilikoma. Ada za shule za watoto zikakosa kulipwa, maana katika vijiji vingi hapakuwa na ajira nyingine ya kulipwa taslimu. Baadhi ya wenye silaha walihamia kwenye dhahabu, ambayo hufichika mfukoni na haihitaji lori. Wengine walitoza barabara, makaa na ng'ombe. Septemba 2014 watafiti na wadau wapatao 70, Wakongomani wakiwemo, waliandika barua ya wazi wakisema kampeni hiyo ya madini imewaumiza wale iliokusudia kuwalinda.

Kuhusu barabara, utafiti uliotolewa mwaka 2017 na Peer Schouten pamoja na wenzake wa Kongo ulihesabu karibu vizuizi 800 katika Kivu mbili. Karibu kila kilichopita kilitozwa, na sehemu kubwa ya vizuizi hivyo ilikuwa mikononi mwa vyombo vya dola vyenyewe. Mtu anayeamini kuwa tiba ni kurudisha dola hana budi kueleza ni dola ipi anayoizungumzia.

Si kwamba madini hayahusiki. Rubaya, ambako koltani huchimbwa kwa wingi, imo mikononi mwa M23 tangu mwaka 2024, na mapato yake si madogo. Lakini mkataba wa Washington umeambatana na mpango wa ushirikiano wa kiuchumi, na wazo lililomo ni kwamba biashara halali ya madini itazifanya nchi hizi mbili zione faida katika amani. Ni ile simulizi ya kwanza, iliyogeuzwa kichwa chini: zamani madini yalikuwa chanzo cha vita, sasa ni malipo ya amani. Uzoefu wa sheria ya Obama ungetosha kuwafanya waandishi wake waulize mapema mchimbaji wa Rubaya atapata nini, na nani atakayesimama kwenye kizuizi cha kwanza nje ya machimbo.

Jeshi lilipoondoka

Kuna kisa kingine, kisichojulikana sana nje ya Kivu Kusini, kinachofaa kutazamwa kwa utulivu.

Mwanzoni mwa 2011 serikali ya Kongo, ikishauriwa na washirika wake, iliamua kupanga upya jeshi katika majimbo ya Kivu. Vikosi vilivyotawanyika vijijini vingekusanywa, vihesabiwe na kuundwa kuwa regimenti zenye safu moja ya amri. Kwenye karatasi ulikuwa mpango mzuri wa usalama wa taifa. Mwanafunzi yeyote wa chuo cha ulinzi angeupa alama za juu. Ili kuutekeleza, askari waliondolewa kwenye vituo vyao kwa miezi kadhaa. Hakuna aliyewekwa badala yao. FDLR waliingia katika nafasi hizo, na wanakijiji wakabaki nao uso kwa uso.

Huko Shabunda, tangu mwaka 2005, lilikuwepo kundi dogo la kujilinda lililoitwa Raia Mutomboki, yaani raia waliochachamaa. Lilikuwa na dawa yake ya vita, mapanga na mikuki, na chuki dhidi ya FDLR. Jeshi lilipoondoka, jina hilo lilienea kama moto wa nyika hadi Kalehe, Walungu na kuvuka kuingia Kivu Kaskazini. Hawakuwa na kamanda mmoja. Kila mahali palipoachwa wazi, watu walilichukua jina na kuanzisha lao. Waliwatimua FDLR kutoka maeneo ambayo jeshi na walinda amani walishindwa kwa miaka. Na waliwaua pia wanawake na watoto wa Kihutu ambao kosa lao lilikuwa ni kuhesabiwa upande wa adui, kisha baadhi ya makundi hayo yakaanza kuwatoza kodi wale wale yaliyodai kuwalinda.

Tangu 1994, Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilipotoa ripoti yake iliyolipa uzito wazo la usalama wa binadamu, wasomi wamekuwa wakibishana iwapo kinachopaswa kulindwa ni dola au mtu. Ubishi huo huonekana wa darasani. Shabunda ulikuwa suala la vituo vya askari: usalama wa dola ulihitaji waondoke, usalama wa mtu ulihitaji wabaki.

Majina yenyewe yanasema mengi. Raia Mutomboki ni Kiswahili. Wazalendo, jina linalotumiwa tangu 2022 na 2023 na makundi yanayopigana bega kwa bega na serikali dhidi ya M23, ni Kiswahili vilevile. Twirwaneho, la Wanyamulenge wa Kivu Kusini, kwa Kinyamulenge maana yake ni tujilinde. Kila jina linadai kwamba mwenye jukumu la ulinzi hakulitimiza, na mwenyewe ameamua kulichukua.

Neno lenye maana mbili

Utafiti uliokieleza vizuri kisa cha Raia Mutomboki ulifanywa chini ya mradi wa Taasisi ya Rift Valley, ulioanza mwaka 2012 na kupewa jina la Kiswahili: Usalama.

Jina hilo lina mzigo ambao pengine waliolichagua hawakuupima. Kwa Kiswahili, usalama ni hali ya mtu kulala bila hofu. Lakini "mtu wa usalama," kuanzia Dar es Salaam hadi Bukavu, ni mtu anayesikiliza mazungumzo ya wengine kwa niaba ya serikali. Mwanakijiji anayefuatwa na mgeni mwenye daftari, aliyekuja kuuliza habari za usalama, ana sababu ya kujiuliza ni usalama upi. Naye akionekana akizungumza na mgeni huyo, majirani watajiuliza hivyo hivyo.

Hatari hiyo humwangukia zaidi mtu wa katikati: mwenyeji anayejua njia, anayemtambulisha mgeni kwa chifu, anayetafsiri swali na jibu. Machi 2017 wataalamu wawili wa Umoja wa Mataifa, Mmarekani Michael Sharp na Zaida Catalán, raia wa Sweden mwenye asili ya Chile, waliuawa huko Kasai wakichunguza ukatili uliotendwa na wanamgambo na askari. Majina yao yanatajwa, kama inavyostahili. Pamoja nao walikuwepo Wakongomani wanne, mkalimani na madereva watatu wa pikipiki, ambao katika taarifa nyingi za habari walipata nusu sentensi.

Watafiti wa Bukavu wamelisema jambo hili bila kumung'unya maneno. Mwaka 2020 Godefroid Muzalia, Emery Mudinga na wenzao kutoka Kivu, wakishirikiana na wasomi wa Ubelgiji kama An Ansoms na Koen Vlassenroot, walitoa mfululizo wa maandiko ambamo wasaidizi wa utafiti walieleza kazi yao wenyewe. Walieleza kutumwa mahali ambapo bima ya chuo cha Ulaya haikumruhusu profesa kufika. Kulipwa kidogo na kwa kuchelewa. Kukuta maneno waliyoyakusanya yamo kitabuni na majina yao hayamo. Lililo zito zaidi ni lile la kuulizwa na wanakijiji, waliohojiwa mara ya tatu au ya nne, majibu ya mara ya kwanza yalikwenda wapi. Haya si malalamiko ya posho. Mtu anayehojiwa bila kurejeshewa chochote huanza kujibu kile anachodhani mgeni anataka kusikia, na hapo elimu yenyewe huharibika kwenye chanzo chake.

Hata idadi ya waliokufa haijasalimika. Takwimu ya vifo milioni 5.4, inayorudiwa redioni, ilitoka kwa shirika la IRC mwaka 2008, na ilihusu kipindi cha Agosti 1998 hadi Aprili 2007. Wengi wa waliohesabiwa walikufa kwa maradhi na njaa, si kwa risasi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser nchini Canada waliipinga mwaka 2010, wakisema kiwango cha vifo vya kabla ya vita kilichotumika kulinganishia kilikuwa cha chini mno. Aliyeshinda ubishi huo hajulikani kwa wengi, ila namba imebaki.

Na lugha? Kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kilichokuwa Kivu Kaskazini kuanzia Novemba 2022 hadi Desemba 2023 kilitoka Kenya, Uganda, Burundi na Sudan Kusini, na kwa askari wengi njia ya kuzungumza na raia ilikuwa Kiswahili. Kiswahili ni lugha ya kazi ya jeshi la Uganda, na tangu Februari 2022 ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika. Maswali ya watafiti huulizwa kwa Kiswahili na kujibiwa kwa Kiswahili. Kisha majibu hupanda ndege. Ripoti za mradi ule wa Usalama zilichapishwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Kwa wakazi wa Uganda, ambako wazee wengi bado wanakikumbuka Kiswahili kama lugha ya askari wa Idi Amin, ni kinaya kisichopendeza: lugha inafaa kwa amri ya kusimama kwenye kizuizi na kwa kujibu dodoso, lakini haijafaa kwa kumweleza aliyejibu kile kilichogunduliwa juu yake.

Hayo yote yatapimwa upya hivi karibuni, na kipimo kitakuwa ardhi. Februari 2025, baada ya kuiteka Goma, M23 iliamuru kambi za wakimbizi wa ndani zilizouzunguka mji ziondolewe, na mamia ya maelfu ya watu wakalazimika kushika njia, wengi wakielekea Masisi na Rutshuru. Mkataba wa Washington na azimio la Doha yote yanataja kurejea kwa wakimbizi kwa usalama na kwa hiari. Anayerudi kijijini kwake atamkuta mwingine akilima, pengine mtu aliyekimbia naye mahali pengine, na kila mmoja atakuwa na ushahidi wake: hati ya enzi za Mobutu, neno la mwami, au karatasi ya utawala ulioingia na M23. Wajumbe wa Doha watalazimika kuamua ni karatasi ipi inayohesabika, na kabla ya hapo mtu atalazimika kwenda kuwauliza wahusika, mmoja baada ya mwingine, kwa lugha yao.